Mbwa Kijana na Uwindaji wa Sungura kwa Taa

Huko Uingereza sungura hutoka mashimoni usiku wakala ngano changa. Kwa hiyo wako watu wanaowawinda gizani kwa kurunzi na mbwa wembamba wenye mbio. Sheria ya mwaka 2004, iliyokataza kuwinda wanyama wengi kwa mbwa, haikuwakataza sungura hao wa mashimoni, mradi mwenye shamba ametoa idhini.

Mbwa kijana akikosa windo, mara nyingi kosa ni la bwana wake. Kwanza, asikimbizwe kabla ya kutimiza kama mwaka mmoja, kwani mifupa yake haijakomaa. Pili, uchaguliwe usiku wa giza wenye upepo, na mwindaji aende akiukabili upepo, ili sungura wasinuse harufu yake wala kusikia nyayo. Tatu, amtafute sungura aliyejilaza mbali na shimo lake, si yule aliye karibu na mlango. Nne, mwanga usimwache sungura mpaka mbwa amkamate.

Zaidi ya yote, mbio ziwe chache. Mbwa aliyechoka hukosa, na akikosa tena na tena huvunjika moyo, akaacha kuufuata mwanga. Afadhali akamate mmoja, akarudi nyumbani na furaha, kuliko kukimbizwa mara kumi na kurudi mtupu. Taa ikizimika huwashwa tena. Moyo wa mbwa ukizimika, kuuwasha ni kazi kubwa. Haraka haraka haina baraka.