Hofu Isitufundishe Kumtenga Jirani



Nimeombwa niseme nanyi maneno machache juu ya tumaini la Mkristo katika siku za hofu. Jambo hili si geni kwa mtu ye yote aliyeishi Kenya katika miaka hii ya karibuni. Tumepata kuamka asubuhi tukasikia habari zilizotufanya tuwahesabu watoto wetu mmoja mmoja, na tumepata kukaa kanisani huku tukiutazama mlango kuliko madhabahu.

Kwa hiyo sitawaambia kwamba kuogopa ni dhambi. Mtu mwenye akili timamu huogopa risasi na moto. Hata Bwana wetu, usiku ule katika bustani ya Gethsemane, alihuzunika mno, akaomba aepushwe na mateso yaliyokuwa yakimjia. Ninalotaka kusema ni neno jingine: hofu ni mwalimu mbaya, na somo lake la kwanza ni kutenga watu.

BASI LA KWANZA

Tukumbuke mambo yaliyotokea katika Kaunti ya Mandera. Tarehe 22 Novemba, 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa njiani na watu wa Al-Shabaab. Miongoni mwa abiria walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Krismasi. Abiria wakatengwa, Waislamu upande huu na wasio Waislamu upande ule. Watu 28 wakauawa.

Miezi michache baadaye, tarehe 2 Aprili, 2015, siku ya Alhamisi Kuu, wauaji waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa kabla ya jua kuchomoza. Watu 148 walikufa, walio wengi wao wanafunzi, na baadhi yao waliuawa walipokuwa wamekusanyika kwa maombi ya alfajiri. Wazazi walikuwa wakingoja watoto waje nyumbani kwa Pasaka, badala yake wakaitwa kwenda kuzitambua maiti.

Basi hofu ikaenea. Walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi kaskazini mashariki, wala hatuwezi kuwalaumu. Lakini watoto wa huko wakabaki madarasani bila mwalimu. Makanisani tukaweka walinzi wa kupekua mifuko. Na mioyoni mwetu nako tukaweka walinzi, ambao hakuna aliyewaajiri.

Nami yanipasa nikiri jambo langu mwenyewe. Siku moja mwishoni mwa mwaka ule wa 2014 nilikuwa ndani ya matatu mjini Nairobi. Kijana mmoja wa Kisomali akaingia na mfuko mkubwa, akaketi karibu nami, akaupakata mfuko ule kwa mikono miwili. Moyo wangu ukaanza kwenda mbio. Kituo cha pili nikasimama nishuke, ingawa safari yangu ilikuwa bado. Nilipompita, mguu wangu ulikwaa mfuko ule ukafunguka. Mlikuwa na nguo za mtoto mchanga na mkebe wa maziwa ya unga. Kijana yule akanitazama, akafahamu kwa nini nashuka. Hakuniambia neno. Nilitembea kwa miguu muda wa saa nzima, na uso wake ulikuwa mbele yangu njia nzima.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa mtu wa kanisa, na Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya watu kusoma Injili. Lakini siku ile kazi ya kutenga abiria niliifanya mimi mwenyewe, bila bunduki.

BASI LA PILI

Sasa sikilizeni habari za basi la pili. Tarehe 21 Desemba, 2015, mwaka mmoja na mwezi mmoja baada ya mauaji yale ya kwanza, basi jingine lilikuwa likienda Mandera. Lilipokuwa karibu na El Wak lilipigwa risasi, likasimama, na watu wa Al-Shabaab wakaingia. Wakataka jambo lile lile: Waislamu wajitenge na Wakristo.

Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wanawake Wakristo mitandio yao wajifunike wasitambulikane. Wakawaambia wenye bunduki kwamba kama ni kuua, waue wote, na kama sivyo, wawaache wote. Watu wawili walipoteza maisha siku ile. Lakini wauaji hawakupata mgawanyo waliokuja kuutafuta, wakaondoka.

Mmoja wa abiria wale alikuwa Salah Farah, mwalimu msaidizi wa mkuu wa shule, naye alikuwa Mwislamu. Alipigwa risasi kwa kukataa. Alipokuwa amelazwa hospitalini aliwaambia watu wa magazeti kwamba watu wa dini hizi mbili ni ndugu, na yafaa waishi pamoja kwa amani. Mwezi wa Januari, 2016, alikufa kwa majeraha yake, na mwaka ule ule Rais akamtunukia nishani ya heshima baada ya kufa kwake.

Nilipozisikia habari hizi nilikumbuka kisa cha Msamaria, ambacho sote tumefundishwa tangu utotoni. Mwanasheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani. Alitaka apewe mpaka, ajue pendo lake limalizikie wapi. Yesu hakumpa mpaka. Alimpa habari za mtu aliyelala njiani nusu ya kufa, za watu wawili wa dini waliompita, na za mgeni wa dini nyingine aliyesimama. Kwa muda mrefu nilikisoma kisa kile nikijiona kuwa mimi ndimi Msamaria. Mwaka ule nilifahamu kwamba huenda mimi ni mmoja wa wale wawili waliopita, na kwamba Msamaria alikuwa ndani ya basi la Mandera.

KANISA LA AFRIKA ZAMANI

Labda mtu atasema, "Haya ni matendo ya mashujaa wachache. Kanisa zima laweza kufanya nini?" Tutazame mfano wa kanisa lililokuwa hapa hapa Afrika, katika mji wa Karthago, ulio katika nchi iitwayo leo Tunisia.

Mwaka wa 250 serikali ya Roma iliwatesa Wakristo kwa ukali. Askofu wa Karthago, jina lake Sipriani, alitafutwa auawe, na makutano yalipiga kelele atupwe kwa simba. Alijificha, maana yeye naye alikuwa mwanadamu. Haikupita miaka miwili, tauni kali ikaingia mjini. Watu wakakimbia jamaa zao wenyewe; wagonjwa wakatolewa nje, na maiti zikalala njiani. Tena wako waliosema kwamba tauni imeletwa na Wakristo kwa kuwa hawaiheshimu miungu.

Sipriani akawakusanya watu wake. Aliwafundisha kwamba kuwatunza walio wetu tu si jambo la ajabu, kwa maana hata wasiomjua Mungu hufanya hivyo. Yapasa kuwatendea mema na wale waliotutesa. Kisha kazi ikagawanywa kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Tajiri alitoa fedha, na maskini asiye na fedha alitoa mikono yake. Waliohudumiwa hawakuwa Wakristo peke yao.

Sipriani hakuahidi kwamba atakayemhudumia mgonjwa hatashikwa na tauni. Waliohudumu, wengine walikufa. Yeye mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba, 258, na safari ile hakukikimbia kifo. Hapa ndipo tunapoona tumaini la Mkristo ni kitu gani. Kama tumaini lingekuwa ni kusadiki kwamba sisi hatutapatwa na neno, lingekufa siku ya kwanza ya msiba. Tumaini letu ni kwamba mauti haina neno la mwisho, na kwa sababu hiyo hatulazimiki kumtupa mwenzetu ili tujiokoe. Mtu mwenye tumaini hili mikono yake hupata nafasi, naye aweza kumshika mtu mwingine.

MAMBO MATATU YA KUFANYA

Basi tufanye nini? Naona yako mambo matatu ambayo kila mtu aweza kuyaanza nyumbani kwake.

Kwanza, tuuzuie ulimi, na siku hizi tuuzuie na mkono ulioshika simu. Habari ya kutisha hutoka mji hadi mji kabla chai haijapoa, na mara nyingi ni uvumi mtupu. Ukiletewa habari inayosema ati watu wa kabila fulani au dini fulani wanajiandaa kuwadhuru ninyi, usiipeleke mbele. Kama ni hatari ya kweli, nenda kwa polisi au kwa chifu ukaseme ulichokiona kwa macho yako. Kumtaja mtenda maovu kwa matendo yake ni haki. Kumshuku mtu kwa jina lake, mavazi yake au lugha yake si haki.

Pili, tumtembelee jirani kabla ya siku mbaya kufika. Wanawake wale hawakujifunza kutoa mitandio wakati mtutu wa bunduki ulipowaelekea. Mtu hutoa upesi kile alichozoea kutoa. Basi nendeni mkawajulie hali jirani zenu wa dini nyingine wakati wa harusi, wakati wa matanga, na wakati wa Idi, nao waje kwenu wakati wa Krismasi. Asiyejenga daraja kiangazi, mvua ikija atabaki ng'ambo.

Tatu, tusiwasahau waliofiwa. Nchi hulia juma moja, kisha husahau. Lakini mama aliyempoteza mwanawe Garissa hulia kila Pasaka. Usiende kwake na mahubiri marefu, wala usimwambie kwamba Mungu alikuwa na sababu zake. Nenda na kuni, au sukari, au uketi tu. Na kama hataki kusikia neno la msamaha, usimharakishe. Msamaha ni mali ya aliyejeruhiwa; sisi wengine hatuwezi kuutoa kwa niaba yake.

Ndugu zangu, hofu itarudi kwa jina jingine na kwa mlango mwingine. Siwezi kuwaahidi kwamba haitarudi. Itakapokuja itatuuliza swali lile lile la kwenye basi: "Walio wako ni wepi, na wasio wako ni wepi?" Wako watu waliokwisha kulijibu kwa ajili yetu, nao hawakuwa wa dini yetu. Mungu atujalie nasi, siku ile, tukatae kutengwa.

Na yule kijana wa mfuko, popote alipo, mtoto wake sasa amekuwa mkubwa, huenda yuko shule. Namwombea. Tena namwomba Mungu kwamba nikikutana na kijana mwingine kama yeye, nibaki kitini pangu, nimwulize habari za mtoto.