Breki Inapolia: Sikiliza Dramu Kabla ya Kushika Msasa

Mada kwa semina ya mafundi na wenye pikipiki za zamani, Tanga



Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea Honda CG125 aliyoinunua enzi zile bado anashika chaki. Sikuhitaji kuambiwa inaumwa nini. Niliisikia ikiwa bado kwenye kona ya duka la mchele: mluzi mwembamba, mkali, unaopanda kadiri tairi linavyopunguza mwendo, kisha kimya ghafla. Nikamwamkia. "Marahaba," akaitika huku akiweka stendi. "Fundi, hii pikipiki inanitangaza. Nikifika msikitini safu nzima inageuka." Alikuwa ameshapita kwa mafundi wanne. Watatu walifanya jambo lilelile: walifungua tairi la mbele, wakapiga msasa breki shuu, wakafunga. Kimya cha wiki moja, mluzi ukarudi. Wa nne akamwekea shuu mpya kabisa, na mluzi ukazidi.

Mada yangu inaanzia hapo. Kelele ya dramu mara nyingi haitokani na ubovu wa lainingi. Inatokana na namna shuu inavyoigusa dramu, na vitu vilivyolegea nyuma yake. Anayeanza na msasa anafuta ushahidi kabla hajausoma.

Breki hii ni ya zamani kuliko sote humu ndani. Mfaransa Louis Renault ndiye anayetajwa kuiweka kwenye gari mwaka 1902, na pikipiki ziliitegemea miaka mingi kabla ya Honda kuleta CB750 mwaka 1969 ikiwa na diski mbele. Haijafa hata hivyo. Nimepita hapo nje kwenye kijiwe cha bodaboda, nyingi zina dramu, angalau nyuma. Kwa hiyo kijana usione tunazungumzia pikipiki za babu ukaanza kuchezea simu.

Ndani ya dramu mna shuu mbili zilizopinda kama mwezi mchanga. Upande mmoja zimeegemea pini, upande wa pili zinatanuliwa na kemu. Ukibana breki kemu inageuka, shuu zinafunguka, lainingi inagusa dramu. Sasa, hizi shuu si mapacha. Ile ambayo mzunguko wa tairi unaikuta kuanzia upande wa kemu kuelekea pini inavutwa na dramu yenyewe, inazidi kujibana, kama kabari chini ya mlango: kadiri mlango unavyosukumwa ndivyo inavyokaza. Nyingine inasukumwa irudi. Hii kabari ndiyo nguvu ya breki ya dramu, na ndiyo chanzo cha mluzi.

Mluzi wenyewe ni mtetemo. Lainingi inashika, inaachia, inashika, inaachia, zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde moja. Chukua glasi, lowanisha kidole, kipitishe taratibu kwenye ukingo wake. Umeshapata breki inayolia. Na dramu ni kengele hasa: pete ya chuma ndani ya hapu ya aluminiamu, imetundikwa kwenye spoki zilizokazwa kama nyuzi za zeze. Ikipata kitu cha kuitetemesha, itaimba.

Lakini si kila kelele ni mluzi, na mteja akisema "inalia" muulize inalia vipi. Ikikwaruza hata bila kubana breki, tazama vumbi, au lainingi iliyokwisha mpaka chuma kinakula chuma. Ikigonga "ko!" mara moja unapobana breki ya nyuma, acha shuu kwanza, shika raba za ndani ya hapu, zile zinazopokea mvuto wa cheni. Zikiisha, tairi hucheza mbele na nyuma kabla ya kushika. Kugonga huko kunaweza pia kutoka kwenye mkono unaoizuia sahani ya breki isizunguke. Boliti yake isikose kotapini. Ikichomoka barabarani, sahani inazunguka na tairi, waya unakatika au tairi linajifunga, na hapo hatuzungumzii kelele tena. Halafu kuna ile ya asubuhi, ambayo sisi wa pwani tunaijua: chumvi ya hewani imeweka kutu usiku kucha ndani ya dramu, breki mbili tatu za kwanza zinakwaruza, baadaye kimya. Hiyo usiiguse. Ni bure.

Turudi kwa Mwalimu. Kabla ya kufungua chochote nilishika mkono mdogo wa kemu, ule unaovutwa na waya, nikautikisa juu na chini. Ulicheza. Kidogo tu, kama jino la mtoto linaloanza kulegea, ila ulicheza. Nikafungua tairi, nikaifuta dramu, nikachukua chaki ya kawaida ya darasani (Mwalimu alicheka) nikaipaka kwenye lainingi zote mbili kutoka ncha hadi ncha. Nikarudisha sahani ndani ya dramu, nikabana kemu kwa mkono polepole, nikazungusha tairi mzunguko mmoja, nikafungua tena.

Chaki ilikuwa imefutika sehemu moja tu: upana wa kidole gumba, kwenye ncha ya kemu ya ile shuu inayojibana. Kwingine kote nyeupe, kama haijaguswa. Shuu mpya iliyouzwa kuwa ni ya CG ilikuwa na mpindo usiolingana na dramu, ikawa inagusa kwa ncha. Na ncha ya upande ule ndiyo mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu inakutana na dramu kama jembe linavyokutana na udongo: inajichimbia, inaachia, inajichimbia. Mafundi watatu wa mwanzo nao, kwenye shuu za zamani, walikuwa wanasugua lainingi yote sawasawa, kwa hiyo ncha ilibaki juu vilevile.

Chaki inasoma mambo mengi zaidi ya hilo. Ikifutika katikati tu huku ncha zote mbili nyeupe, dramu imeliwa ikawa pana kuliko shuu. Ikifutika ukingo mmoja kwa urefu wote, shuu imepinda au sahani haikukaa sawa kwenye ekseli. Ikifutika mabaka mabaka, hapo ndipo unashika msasa, tena ubao mdogo nyuma ya msasa usije ukachimba mashimo. Unasugua palipofutika peke yake, unapaka chaki, unajaribu, unarudia. Mimi hukubali nikiona theluthi mbili za lainingi zimegusa. Zilizobaki barabara itamaliza. Mwisho wake nachonga ncha ya mbele ya lainingi kwa mshazari, milimita tano hadi kumi hivi, kwa tupa. Ni kazi ya dakika tatu, na sijui kwa nini wengi wetu hatuifanyi.

Kucheza kwa kemu ni tatizo la pili, na ndilo linaloficha kila kitu. Kwenye Honda ndogo, ekseli ya kemu hupita moja kwa moja kwenye tundu la sahani ya aluminiamu, bila bushi. Miaka thelathini ya vumbi la barabara ya Muheza ikishapita humo, tundu linakuwa yai. Kemu ikilegea, shuu nazo zinapata nafasi ya kutetemeka, na hata ukipata mguso mzuri leo, kesho umehama. Dawa yake ni fundi mkerezaji: anapanua tundu, anakereza bushi ya shaba nyeusi, anaipachika kwa nguvu. Rudisha na kile kipete cha kitambaa kinachozuia vumbi, kikiwa na mafuta kidogo. Wengi wakikikuta kimechakaa wanakitupa, wanafunga bila. Grisi kwenye kemu na pini iwe ya kuhimili joto, tena iwe utando tu. Ikionekana kwa macho, umezidisha.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Mkono wa kemu umewekewa meno na alama ya nukta. Nukta ya mkono ikae mkabala na nukta ya ekseli yake. Lainingi zikiisha, kuna anayeuchomoa mkono na kuurudisha jino moja nyuma ili breki "ipande". Kweli inapanda. Lakini mshale wa kupimia lainingi hausemi kweli tena, mkono hauvutwi kwa pembe mraba wakati wa kushika, na kemu inageuka kupita kiasi mpaka inakaribia kusimama wima. Ikifika hapo inaweza isirudi. Nimewahi kuifungua moja iliyojifunga hivyo, na mwenyewe alikuwa ameketi pembeni na bandeji goti zima.

Dramu yenyewe ipime kwa venia, pande zisizopungua tatu. Nyingi zimechapwa ukomo wake ndani. Kwa Honda ndogo zenye dramu ya milimita 110, ukomo ni 111. Pitisha ukucha ukingoni: dramu iliyoliwa huacha ngazi, na shuu mpya ikipanda ngazi hiyo itakwaruza hadi siku ya mwisho. Vipimo vikitofautiana, dramu si duara. Mara nyingi mkosaji ni spoki: fundi alinyoosha rimu baada ya shimo, akakaza upande mmoja, akaivuta hapu nayo. Breki inapiga kwa mapigo, wa, wa, wa, na mluzi unakuja na kwenda kila mzunguko. Ndiyo maana dramu hukerezwa ikiwa ndani ya tairi lake, spoki zikiwa zimekazwa. Ukiikereza peke yake halafu ukafunga spoki, umepoteza pesa ya mteja. Shida ni kupata mashine yenye nafasi ya kuzungusha rimu ya inchi 17 au 18. Hapa mjini si nyingi, na foleni ni ndefu.

Joto lipo pia. Anayetoka Lushoto kwenda Mombo kupitia Soni anashuka kilomita zaidi ya 30 za kona. Akikalia breki njia nzima badala ya kutumia gia, dramu inatanuka ikizikimbia shuu, mkono wa breki unaingia mpaka kwenye mshikio, na lainingi zinaota utando unaong'aa kama kigae. Huo utando unalia, na huo ndio unaostahili msasa kweli. Lainingi iliyolowa mafuta haistahili hata msasa. Najua wapo wanaoimwagia petroli na kuiwasha. Mafuta yameshaingia ndani ya nyama yake, yatatoka tena ikipata moto. Itupe, kisha tafuta yalikotoka.

Na vumbi. Tafadhalini, msipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Shuu za zamani, pamoja na zile zilizokaa kwenye maboksi madukani tangu zamani, zinaweza kuwa na asbesto, ambayo huleta saratani. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Lowanisha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kiingie kwenye mfuko na kufungwa. Wasaidizi wetu ni watoto wa watu.

Wakati wa kufunga, nati ya ekseli usiikaze kwanza. Iache legevu, zungusha tairi, bana breki kwa nguvu ili shuu zijipange na sahani ikae katikati, kisha ukiwa bado umebana, mwenzako akaze nati. Hapo tu umemaliza nusu ya milio midogo midogo ya pikipiki za watu.

Ya Mwalimu ilichukua siku mbili kwa sababu ya bushi. Shuu zilikuwa zilezile mpya. Nilizichonga tu zikaikubali dramu. Alizunguka mtaa mara moja, akarudi, akazima, akaniuliza kama nina uhakika breki inafanya kazi, maana haisikii.

Baada ya chai tunahamia uani. Kuna pikipiki mbili chini ya mwembe, hakuna aliyezifungua. Moja inalia mbele, nyingine nyuma, na sababu zake hazifanani. Spana ziko kwenye sanduku, lakini nimelifunga. Nitakachowapa kwanza ni chaki.