Kasha lisifunguliwe mbele ya wakati
Maneno ya komite mbele ya mkutano wa chama, Bunia



Presha tuliyo nayo tunaijua. Watoto wanadaiwa pesa ya masomo. Wengine wetu tulirudi tukakuta nyumba haina bati na shamba limekuwa pori. Wafadhili nao wanauliza: nyumba ngapi zimeisha, magunia mangapi yametoka? Ni haki yao kuuliza. Lakini sasa kuna pendekezo kwamba tugawe akiba leo, mbele ya mzunguko kuisha, ili bati zinunuliwe na matokeo yaonekane. Sisi wa komite tunasema hapana, na tunawaeleza sababu.

Tukumbuke Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, Kivu ya Kaskazini, halafu ikaingia huku kwetu Ituri: Mandima, Komanda, mpaka Bunia. Hakuna muganga aliyeweza kuamuru ugonjwa uishe. Alichoweza ni kazi ya siku ile: kuandika majina ya waliomgusa mgonjwa, kuwafuata siku 21, kupima joto, kuchanja. Watu walichoka, kila mtu alitaka kusikia tu kwamba imeisha. Mwezi wa 4, 2020, hesabu ya siku 42 bila mgonjwa ilibakiza siku chache, mgonjwa mupya akapatikana Beni. Hesabu ikaanza tena kwenye moja. Wakarudia kazi ile ile, na tarehe 25 mwezi wa 6 mwisho ukatangazwa.

Na sisi vile vile. Mvua haiko mikononi mwetu, usalama wa Djugu pia hauko. Kilicho mikononi mwetu ni kufika kwenye mkutano, kuhesabu pesa mbele ya wote, kuandika kila kitabu, na funguo tatu za kasha kukaa kwa watu watatu. Muhogo unataka miezi mingi ardhini. Ukiufukua mapema ili kuonyesha wageni, utapata mizizi kama kidole, na shamba limekwisha. Akiba nayo tukiivunja leo, mama atakayeugua mwezi ujao atakuta kasha tupu.

Hatusemi mwenye shida avumilie tu. Mfuko wa msaada uko kwa ajili yake. Aje aseme, tumsikilize. Na kama utaratibu wetu mmoja hausaidii, tuubadilishe pamoja katika mkutano, si kwa haraka ya siku moja.

Wafadhili, tunaomba mtuulize pia haya: wangapi walifika, mikopo mingapi ilirudishwa kwa wakati, nani alisaidiwa. Hayo tunaweza kuyajibu kila wiki, bila kuongeza chumvi.

Sasa tunyooshe mikono, tukate shauri. Na wiki ijayo, saa ile ile, kila mtu na kitabu chake.