Kumwachia Mungu: Tawakali na Jitihada Pale Njia Zinapozibika

Kumtegemea Mungu katika dhiki isiyo na mlango wa kutokea ni mafundisho ya dini zote zinazomkiri Mungu mmoja. Waislamu wa pwani husema kutawakali, Wakristo husema kumtumaini Bwana, na wote wakikutana msibani au hospitalini husema wamemwachia Mungu. Uhusiano wa kudura na hiari ya mja umeshajadiliwa vya kutosha. Hoja za Mutazila na Ashaira, kama zile za Augustino na Pelagio, zinajulikana na hazina haja ya kurudiwa. Swali ambalo halijapewa haki yake ni la chini zaidi: mtu aliyefungiwa njia zote, akabaki na Mungu wake tu, hufanya nini kesho yake asubuhi?

Jibu linalosikika mno, katika semina za maendeleo na hata madarasani, ni kwamba hafanyi kitu. Amemwachia Mungu, basi amekaa. Ushahidi unaotolewa mara nyingi ni methali: jitihada haiondoi kudura. Ushahidi huo ni dhaifu, kwa kuwa hauulizi methali hiyo husemwa lini. Hakuna nahodha anayeambiwa hivyo wakati anatweka tanga. Huambiwa aliyekwisha kurudi na nyavu tupu, ili asijilaumu mpaka akashindwa kutoka usiku unaofuata. Anayeifanya kuwa falsafa ya uvivu ameiondoa kinywani mwa wenyewe.

Dhana yenyewe, hata hivyo, haikuzaliwa kwenye semina. Mwaka 1710 mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz alichapisha mjini Amsterdam kitabu chake cha Kifaransa juu ya uadilifu wa Mungu, kinachojulikana kwa jina la Theodicy. Katika dibaji aligawa imani ya majaaliwa mafungu matatu: ya Wastoa, ya Wakristo, na ile aliyoiita ya Kimuhamadi. Kwa hiyo ya tatu alitoa mfano wa Waturuki, ambao, kwa maelezo yake, hawaikimbii hatari wala hawatoki penye tauni, kwa sababu litakalokuwa litakuwa. Leibniz hakuwa mjinga. Kitabu hichohicho kinaikataa kwa ustadi hoja ya uvivu iliyojulikana tangu Wayunani, yule mgonjwa anayesema kwamba ikiwa ameandikiwa kupona atapona, amwite tabibu asimwite. Ajabu ni kwamba jibu alilolitoa yeye lilikuwa limetolewa zaidi ya miaka elfu moja nyuma yake, tena kuhusu tauni, tena na khalifa wa Waislamu.

Kisa hicho kimepokewa na Bukhari na Muslim, na kinastahili kusomwa polepole. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, sawa na 639, Umar bin al-Khattab alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika Sargh, kwenye mpaka wa nchi hiyo, alilakiwa na makamanda wake, Abu Ubayda bin al-Jarrah akiwemo, wakampa habari kwamba tauni imeingia. Umar hakupiga magoti akasubiri ishara. Aliita Muhajirina, wakahitilafiana. Akaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akaita wazee wa Kikureshi, hao wakakubaliana kwa kauli moja kwamba watu warudishwe. Akatangaza safari ya kurudi asubuhi. Hapo Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu. Umar alisikitika kuwa swali limetoka kwa mtu wa daraja ile, kisha akajibu kwamba wanaikimbia kudura ya Mungu kuelekea kudura ya Mungu. Akampigia mfano wa ngamia walioshuka bondeni, upande mmoja una malisho na wa pili mkavu: ukiwalisha huku au kule, kote umelisha kwa kudura. Baadaye ndipo alipofika Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo kwenye shauri, akaeleza alichokisikia kwa Mtume: penye tauni usiingie, na ikikukuta ulipo usitoke kwa kuikimbia.

Mpangilio huo una uzito wake. Hadithi ilikuja baada ya uamuzi. Umar alikuwa amekwisha kufanya kazi yote ya mtu asiye na uhakika: kuuliza, kusikiliza, kupima, kuchagua. Tawakali yake ilikuwamo ndani ya mashauriano yenyewe.

Ni haki kukiri kwamba Leibniz hakuokota maneno yake hewani. Sehemu ya pili ya hadithi, ya kutotoka, iliwafanya Waislamu wengi kubaki miji yao ilipopatwa na tauni, na mgeni aliyewatazama angeweza kuona watu waliokaa tu. Wapo pia wanazuoni waliohimiza kufa kwa tauni kama shahada kuliko walivyohimiza tahadhari, na wapo masufii waliosifiwa kwa kuingia jangwani bila masurufu. Lakini kubaki kwa amri ya kutosambaza balaa ni jambo moja, na kubaki kwa kudhani kwamba hatua za mtu hazina maana ni jingine kabisa. Katika tauni hiyohiyo, iliyoitwa ya Amwas, Abu Ubayda alifariki, akafuatiwa na Muadh bin Jabal. Amr bin al-As alipopokea uongozi aliwaamuru watu watawanyike milimani. Mafundisho ni mamoja, na mwenendo umekuwa zaidi ya mmoja.

Imam Ghazali, aliyefariki 1111, aliliweka suala hili katika kitabu cha 35 cha Ihyaa Ulumid-Din. Anayekaa mbele ya chakula asinyooshe mkono, akangoja Mungu amtie tonge kinywani, Ghazali anamwita mwendawazimu. Anasimulia pia habari ya mcha Mungu aliyeuhama mji, akaketi chini ya mlima akiapa kutomwomba mtu kitu mpaka riziki imfikie. Siku saba zikapita akakaribia kufa. Akajulishwa kwamba hatapata kitu mpaka arudi kukaa kati ya watu, kwa maana alikuwa anataka kuibatilisha hekima ya Mungu kwa uchaji wake. Aliporudi mjini, huyu akamletea chakula, yule akamletea kinywaji.

Upande wa Wakristo hauna andiko linalolingana na sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, na ni vigumu kueleza kwa nini halisomwi zaidi katika nchi yenye mabaharia. Paulo ni mahabusi anayepelekwa Italia katika jahazi la Aleksandria lililosheheni ngano. Ameshauri wasitoke Krete msimu ule. Akida amewasikiliza nahodha na mwenye chombo. Tufani inawapata. Mabaharia wanakaza kamba kupita chini ya chombo, wanatupa shehena, siku ya tatu wanatupa vyombo vya kazi kwa mikono yao. Jua halionekani wala nyota kwa siku nyingi, na mwandishi, Luka, anasema wazi kuwa tumaini lote la kuokoka limekwisha. Ndipo Paulo anaposimama kusema kwamba malaika amemwahidi: hakuna roho itakayopotea, ila chombo.

Msomaji anayeshika nadharia ya uvivu angetazamia wote walale. Usiku wa kumi na nne wanahisi nchi kavu. Wanashusha bildi na kukuta pima 20. Wanasogea kidogo, wanashusha tena, pima 15. Kwa kuogopa miamba wanatia nanga nne upande wa tezi, wakiomba kuche. Mabaharia wanateremsha mashua, wakijidai kwamba wanakwenda kutia nanga za omo, kumbe wanataka kutoroka. Aliyewagundua ni Paulo, mtu yuleyule mwenye ahadi mkononi. Anamwambia akida kwamba hao wasipobaki chomboni, wengine hawawezi kuokoka. Askari wanakata kamba, mashua inachukuliwa na maji. Halafu anawasihi wale, anavunja mkate mbele ya watu 276, na walipokwisha kushiba wanamwaga ngano baharini kukipunguzia chombo uzito. Kulipokucha, waliojua kuogelea waliogelea. Wasiojua walishika mbao na vipande vya chombo. Ahadi ilitimizwa na bildi, nanga, mkate na mbao, na hakuna mahali ambapo Luka anaona ajabu katika hilo.

Mambo hayo hayakosekani katika maisha ya sasa. Mtoa mhadhara huu aliwahi kumuuguza shangazi yake ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama aliyekuwa na binti mwenye hali hiyohiyo, na kila aliyemuuliza habari alimjibu kwamba wamemwachia Mungu. Akilijibu hilo, vidole vyake vilikuwa vinafungua pindo la kanga kuhesabu noti za kulipia awamu ya kusafishwa damu, na simu ilikuwa sikioni akimbana mdogo wake auze shamba. Mtafiti mwenye dodoso angeandika jibu lake chini ya safu ya waliokata tamaa.

Kunabaki hali moja ambayo mifano hiyo haiifikii: ya asiyekuwa na kamba ya kukata wala noti ya kuhesabu. Ghazali anaitaja katika daraja zake tatu za tawakali. Ya kwanza ni ya mtu na wakili wake, ya pili ya mtoto na mama yake, ya tatu ya maiti mikononi mwa mwoshaji, ambapo hata kuomba huachwa. Mwenyewe anakubali kwamba hali ya tatu haidumu, hupita kama weupe unaomjia usoni aliyeshtuka. Kwa maoni yanayoshikiliwa hapa, daraja hiyo imepewa heshima kupita kiasi. Maandiko hayaiungi mkono sana. Yakubu katika Sura ya Yusuf analia hadi macho yanakuwa meupe, anasema mashitaka yake anayapeleka kwa Mungu, na papo hapo anawaamuru wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye wala wasikate tamaa. Ayubu wa Biblia analalamika sura baada ya sura, na mwishoni anayeambiwa amenena yaliyo sawa ni yeye. Rafiki zake waliomtaka anyamaze ndio wanaokemewa. Ghazali naye, akieleza faida ya dua mahali pengine katika Ihyaa, anaihesabu miongoni mwa sababu, kama ngao inavyozuia mshale. Kwa hesabu hiyo, anayeomba bado yuko kazini.

Pwani ya Afrika Mashariki ina shahidi wake wa jambo hili. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sayyid Said. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa kwa mwaka mzima, alimwita bintiye Mwana Hashima alete wino na karatasi. Anaeleza katika utendi kwamba yeye si malenga; ana kijana asiyejua mambo, na anapenda kumuusia. Baada ya wasia anageukia dua ndefu: anaomba aponywe, anawaombea wanawe na ndugu zake. Ndani ya shairi moja mna mambo mawili ambayo nadharia ya uvivu inayatenganisha. Mgonjwa anaomba afya kana kwamba ataishi, na anamwachia binti maagizo kana kwamba hataishi, bila moja kulivunja lingine.

Afya hakuipata; alifariki karibu na mwaka 1860. Abu Ubayda naye hakurudi Madina, na watoto kumi wa kwanza wa Ayubu hawakufufuliwa. Msaada, kwa hiyo, hauwezi kuwa kipimo cha kama mtu alitegemea sawasawa. Alice Werner na William Hichens walipouchapa utendi huo mwaka 1934 waliupa kichwa cha Kiingereza kinachotaja wajibu wa mke, na mabishano mengi tangu hapo yamekuwa juu ya beti za mume na mke. Beti za dua huchukuliwa kama hitimisho la kawaida la tendi, na hupitwa haraka, ingawa ndizo zenye jibu la swali lililoulizwa hapa.