Adila na Wasomaji Wake: Mama wa Kambo wa Nyota ya Rehema mbele ya Msomaji wa Masasi na Newala

Riwaya ya Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Zanzibar, iliyochapishwa na Oxford University Press mwaka 1976, haikosi kutajwa panapozungumzwa habari za mama wa kambo katika fasihi ya Kiswahili, kwa kuwa masaibu ya Rehema yanaanzia katika nyumba ambamo mama yake, Aziza, amefariki, na baba yake, Fuad, amemwoa Adila. Maoni yanayotolewa kwa wepesi ni kwamba Adila ndiye chanzo cha yote, na baba anatajwa kwa kupitia tu. Mada hii inayapinga maoni hayo, na inadai kwamba msomaji wa Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, kwa malezi aliyoyapata, ana sababu nyingi zaidi za kuyapinga kuliko msomaji wa mwambao.

Hoja hiyo inaegemea nadharia ya upokezi, yaani mtazamo wa kihakiki unaotafuta maana ya kazi ya fasihi katika makutano ya matini na msomaji. Mwasisi wake mmojawapo, Hans Robert Jauss, aliyeieleza katika mhadhara wa mwaka 1967 kwenye Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, alitumia dhana ya upeo wa matarajio, ambayo ni jumla ya mambo anayokuja nayo msomaji kabla hajafungua ukurasa wa kwanza: hadithi alizosimuliwa, desturi za kwao, na picha aliyo nayo ya jinsi familia ilivyo au inavyopaswa kuwa.

Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ndio wenyeji wakuu wa eneo hili, upeo huo umejengwa na ukoo wa kuukeni, yaani utaratibu ambao mtoto huhesabiwa kuwa wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba, kaka wa mama, kuliko baba mzazi. Kwa desturi ya zamani mwanamume alihamia kwa wakwe, akalima huko, na ndoa ilipovunjika au mke alipofariki, watoto walibaki kwa watu wa mama yao. Katika mazingira hayo mama wa kambo hakuwa na nafasi kubwa ya kumtesa mtoto, kwa sababu mtoto hakuwa nyumbani kwake. Aliyeishi naye chini ya paa moja, akala naye na kugombana naye, mara nyingi alikuwa baba wa kambo, mume mpya wa mama, ambaye naye alikuwa mgeni katika kijiji cha wakwe na hakuweza kujifanyia atakavyo.

Msomaji aliyelelewa hivyo anapoisoma Nyota ya Rehema hukutana na jamii ya kuumeni, ambamo mtoto ni wa nyumba ya baba, na swali linalomjia kwa urahisi ni walikokuwa watu wa upande wa mama wakati binti yao akidhulumiwa. Swali hilo halijibiwi kwa kumlaani Adila peke yake. Linamrudisha msomaji kwa Fuad, ambaye anaiona dhuluma na kuiacha iendelee, na kwa utaratibu unaomweka mtoto yatima mikononi mwa mtu mmoja, bila mjomba wa kuja kudai. Hapa msomaji wa Newala, ingawa yuko mbali na mashamba ya mikarafuu, anamshinda mhakiki anayeridhika kusema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Fuad ni mzazi, na uchungu huo haukumzuia lolote.

Ni kosa, hata hivyo, kuifanya Masasi na Newala kuwa kitu kimoja. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu, ikitazama bonde la Ruvuma, na koo zake zimekaa pamoja kwa muda mrefu. Masasi iko chini, upande wa magharibi, kati ya milima ya mawe, na sehemu ya historia yake ni makazi ya watumwa walioachwa huru ambao Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana aliwapeleka huko mwaka 1876. Watu hao walitoka makabila mbalimbali na wengi walikuwa wamekatwa na koo zao, kwa hiyo kulea mtoto wa mwingine kwao hakukuwa jambo la kusimulia kwa mshangao. Msomaji mwenye asili hiyo huenda akamvumilia mama wa kambo kuliko mwenzake wa Newala, kwa kuwa kwake familia ya kuunganishwa ndiyo familia yenyewe.

Sehemu ya riwaya inayostahili kusomwa kwa makini zaidi katika eneo hili ni ile ya shamba, pale ambapo baada ya kifo cha Fuad warithi wa upande wa pili wanalidai shamba ambalo Rehema na mumewe, Sulubu, wamelitolea jasho. Korosho zimeileta kesi hiyo hiyo uwandani. Shamba la mtama au muhogo liliweza kuachwa na kurudi kwa ukoo wa mama bila hasara kubwa, lakini mkorosho huzaa kwa miongo kadhaa, na aliyeupanda, akaupalilia na kuupulizia salfa kila kiangazi, hapendi uende kwa wapwa wake ilhali wanawe wapo. Ndiyo maana baba wengi wameanza kuwarithisha watoto wao wa kuwazaa, na hapo ndipo mama wa kambo, ambaye zamani hakuwa na cha kugombania na mtoto wa mwenzake, anapopata sababu: ni watoto wa nani watakaookota korosho chini ya mti upi, na fedha za mnada zitaingia kwa jina la nani katika chama cha msingi cha ushirika.

Mvutano huo hautatuliwi na sheria: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huchukulia kwamba ni heri mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama yake, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo, na haisemi lolote juu ya mikorosho. Msomaji wa leo wa uwandani anaisoma riwaya akiwa na miguu miwili katika koo mbili: kama mpwa, anamwonea huruma Rehema aliyenyimwa watu wa mama, na kama baba aliyepanda miti, anataka haki ya kuwaachia wanawe mali, haki ile ile ambayo warithi wa Fuad wanaisimamia dhidi ya Rehema.