Kabla ya Kupanda Mkoko Mwingine



Tarehe 26 Julai inabisha hodi, na sisi watu wa pwani ratiba yake tumeshaihifadhi. Mabasi yatashusha watu ukingoni mwa tope, fulana mpya zitagawiwa, mgeni rasmi atavuliwa viatu avishwe gambuti. Mche mmoja utashikwa na mikono sita ili kila mwenye cheo aingie pichani. Kisha itatangazwa idadi: leo tumepanda miche elfu kadhaa. Kufikia saa nane pilau imeliwa na watu wametawanyika. Hiyo ndiyo Siku ya Kimataifa ya Mikoko, iliyowekwa kwenye kalenda na UNESCO mwaka 2015.

Na pilau sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na ile idadi.

Siku yenyewe ina historia ambayo majukwaani haitajwi. Huko Muisne, pwani ya Ekuado, watu walishuhudia mikoko yao ikifyekwa kupisha mabwawa ya kufugia kamba wa kuuzwa nje. Tarehe 26 Julai 1998, wenyeji na wanaharakati wa Greenpeace waliingia kwenye bwawa lililojengwa kinyume cha sheria, wakalibomoa ili mahali pale parudi kuwa msitu. Katika harakati hizo mmoja wao, Hayhow Daniel Nanoto, mtu wa Mikronesia, alipatwa na mshtuko wa moyo akafariki dunia. Wenzake wakaishika tarehe hiyo, wakawa wanaiadhimisha miaka mingi kabla UNESCO haijaitia muhuri. Kwa hiyo siku tunayoisherehekea kwa fulana na vipaza sauti ilizaliwa na watu waliokwenda kubomoa ukuta wa mwenye pesa.

Usije ukasema hayo ni ya Amerika ya Kusini. Miaka hiyo hiyo, hapa jirani, kampuni moja ilitaka kujenga mabwawa ya kamba katika delta ya Rufiji, kwenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wataalamu wa baraza la mazingira la Tanzania walishauri mradi usikubaliwe. Serikali ikaukubali mwaka 1997. Hapo mkoko ndio kwanza ukaalika maua: wavuvi na wakulima wa mpunga wa delta wakatafuta mawakili wa mazingira, wakaenda Mahakama Kuu, na waandishi wa habari wakalivalia njuga jambo lile. Mabwawa hayo hayajajengwa hadi leo.

Sijui siku yoyote ya kupanda miti, yenye mgeni rasmi au isiyo naye, iliyoponya maelfu ya hekta za mikoko kwa mpigo. Wanavijiji wa Rufiji hawakuwa na fulana. Walikuwa na mikutano ya jioni, michango ya nauli, na nyaraka ambazo walilazimika kutafuta mtu wa kuwasomea.

Sasa twende topeni wenyewe, maana huko ndiko mambo yanakoharibikia.

Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti. Huning'inia, ya kijani, ndefu kiasi cha kutoka kiganjani hadi kiwikoni, na ikikomaa huanguka ikajichomeka kwenye tope au ikachukuliwa na maji. Kuipanda ni rahisi mno. Unashindilia ile ncha iliyochongoka, theluthi yake iingie topeni, basi umemaliza. Haitaki jembe wala mbolea. Pamoja na urahisi huo, nimewahi kuona safu nzima imechomekwa kichwa chini, chipukizi limezikwa, na hakuna aliyethubutu kusema neno kwa kuwa mgeni rasmi ndiye aliyeanza vile.

Kwa sababu ya urahisi huo, waandaaji hupanda mkoko kila mahali. Lakini muulize mvuvi, au mkata boriti wa Lamu, atakwambia kila mti una mtaa wake. Mlilana hukaa mbele kabisa, ukipigwa na mawimbi. Nyuma yake kuna mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyojipinda kutoka kwenye shina kwenda chini. Kisha muia, kisha mkandaa, na mchu kule juu ambako maji hufika wakati wa bamvua tu. Ukiuhamisha mtaa, unaua.

Na siku ya kupanda huchaguliwa vipi? Kwa bamvua, maji yakipwa sana, ili umati upate pa kusimama. Watu wanaona tope limetandaa hadi mbali, hamna mti, wanasema hapa ndipo. Wala hawajiulizi kwa nini bahari yenyewe, inayotembeza mbegu kila mwaka bila malipo, haikuotesha mti mahali pale. Maji yakijaa pale hukaa saa nyingi kupita kiasi. Mche unazama, unajazwa viumbe vya magamba vinavyojibandika kwenye shina, unalemewa, unalala. Tena mara nyingi hapo hapakuwa patupu. Akina mama huokota kombe hapo, na nyasi za bahari zilizopo ni malezi ya samaki wachanga. Tunaharibu kitu kizima ili tupande kitakachokufa.

Sri Lanka wamelipa ada ya somo hili. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mikoko ilipandwa huko kwa pupa na kwa fedha nyingi za wafadhili. Watafiti waliporudi kukagua walikuta sehemu kubwa imekufa, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kupandwa pasipostahili.

Hata palipo na mikoko ya asili, adui huenda hayuko ufukweni. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilibomoa udongo wa bara, mito ikaushusha hadi hori ya Mwache hapa Mombasa, mizizi inayopumulia ikafukiwa, miti ikafa imesimama. Anayetaka kuiponya Mwache ana kazi ya kuongea na wakulima wa huko juu mto unakotoka, wafunge makinga maji kwenye mashamba yao. Hiyo haina picha nzuri. Mgeni rasmi haji kukagua makinga maji.

Wapi basi wamefanya vizuri? Nenda Gazi, Kaunti ya Kwale.

Miaka ya 1970, mikoko ya Gazi ilikatwa hadi kukawa uwanja, ikaenda kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Kuanzia 1991 watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo Dakta James Kairo, walianza kupanda upya wakishirikiana na wanakijiji, wakijaribu mti huu hapa na ule pale, wakirudi kupima. Zingatia, msikilizaji: wakirudi kupima. Ilipofika 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa hekta 117, nyingi zikiwa msitu wa asili unaolindwa na chache tu zikiwa za kupanda. Vijiji huuza hati za kama tani 3,000 za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo kila mwaka, na katika miaka ya mwanzo vilikuwa vikipata takriban dola 12,000 kwa mwaka. Kamati iliyochaguliwa na wenyewe ndiyo huamua fedha ziende wapi: zimevuta maji ya bomba, zimenunua vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2019 jirani zao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, wakaanzisha wao, wa hekta zaidi ya 460.

Kinachonivutia zaidi Gazi ni mvinje. Mradi wa kulinda mikoko ulipanda mivinje, mti wa nchi kavu! Maana nyumba ya kumba haisimami kwa hotuba, inasimama kwa fito na boriti, na chungu hakichemki bila kuni. Ukimnyima mtu mkoko bila kumpa mti mwingine, atakata usiku. Aliyefikiria mivinje alikuwa amewasikiliza watu kwanza.

Ule upande wa pili tuliuona Februari 2018. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, mikoko nayo ikaingizwa, na wakata boriti wa Lamu wakajikuta hawana kazi. Hawa ni watu ambao babu zao walijaza majahazi boriti za kwenda Uarabuni, na Lamu ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kama msitu ungali pale baada ya kukatwa kizazi kwa kizazi, basi huenda wapo wanaojua kukata bila kumaliza. Hao ningependa kuwasikia tarehe 26, wapewe kipaza sauti kabla ya mgeni rasmi.

Kuhusu biashara ya hewa ya ukaa yenyewe, niseme wazi kwamba haijanikaa sawa moyoni. Mwenye kiwanda ng'ambo ananunua ruhusa ya kuendelea kuchafua, na mvuvi wa Gazi anaambiwa asikate fito. Sheria ya Kenya ya 2023 imeweka kwamba jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, baada ya gharama kuondolewa, kwa miradi ya ardhini. Hayo maneno "baada ya gharama kuondolewa" ndiyo ya kukodolea macho. Gharama za nani, na nani anazihesabu? Hata hivyo, nikilinganisha kamati ya Gazi inayosomewa hesabu mbele ya kijiji na sherehe ambayo bajeti yake inamalizikia kwenye mahema ya kukodi, najua nisimame wapi.

Wapo watakaoniambia: wewe mtangazaji, unawavunja moyo vijana wanaojitolea Jumamosi yao. Hapana. Vijana waje, tena waje wengi, lakini wapewe kazi yenye maana. Kuna mitaro iliyozibwa na plastiki inayozuia maji ya bahari yasiingie kwenye mikoko ya nyuma. Izibuliwe, na mbegu zitajileta zenyewe. Kuna miche ya mwaka jana inayotaka kuhesabiwa, iliyo hai na iliyokufa. Kuna ripoti za tathmini ya mazingira za miradi inayopangwa ufukweni, zina kurasa mia kadhaa za Kiingereza, na muda wa wananchi kutoa maoni huisha kabla kijiji hakijajua kwamba kuna ripoti. Kijana wa chuo akiketi barazani na wazee akawafasiria sura mbili tatu, atakuwa ameifanyia mikoko jambo kubwa kuliko kuchomeka miche mia.

Basi kwa walioanza kutuletea barua za mwaliko hapa studioni, jibu letu ni hili. Tutakuja tarehe 26. Lakini kabla hamjatupeleka kwenye eneo jipya, tupelekeni mlikopanda mwaka jana, tena maji yakiwa yamepwa, tuhesabu pamoja iliyosimama. Idadi tutakayoipata hapo ndiyo tutakayoisoma kwenye taarifa ya habari ya saa moja.