Ngoma Iliyopoteza Ikulu: Urithi na Viwango vya Omutoro, na Somo la Baleti ya Ufaransa

Mada kwa walimu wa sanaa, viongozi wa vikundi na maafisa utamaduni wa Bukoba na Muleba

1. Utangulizi



Waandaaji wamenipa kazi ya kueleza urithi na viwango vya baleti ya Kifaransa, na faida yake kwa wanaofundisha ngoma za asili mkoani Kagera. Asubuhi hii wapo walioniuliza mlangoni baleti inatuhusu nini sisi watu wa migombani. Swali ni la haki. Baleti ilikuwa ngoma ya ikulu, kama omutoro. Mfalme wake aliondoka, yenyewe ikabaki. Abakama wetu, yaani wafalme wa Wahaya, nao waliondoka, lakini omutoro unapungua mbele ya macho yetu. Nimekuja tutazame wenzetu walifanya nini ambacho sisi hatujafanya.

2. Maana ya maneno

Sitakaa sana hapa, maana wote mnayajua haya. Urithi usioshikika, kwa mujibu wa Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, ni maarifa, desturi na sanaa ambazo jamii inazitambua kuwa zake na kuzirithisha. Kiwango ni kipimo cha jambo kufanywa sawasawa. Ngoma kwa Kiswahili ni chombo, ni mchezo, tena ni shughuli nzima. Leo nazungumzia mchezo. Omutoro ni ngoma ya Wahaya iliyokuwa ikichezwa katika ikulu za abakama.

3. Baleti ilivyobaki baada ya mfalme

Mwaka 1653 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, akiwa kijana wa miaka 14, alicheza mbele ya watu wake akiwa amevikwa kama jua. Mwaka 1661 aliwakusanya mabwana 13 wa dansi na kuwaundia chuo cha kifalme, wakubaliane kipi ni sahihi na kipi si sahihi. Mwalimu wake, Pierre Beauchamp, ndiye anayetajwa kuwa alizipanga zile namna 5 za kuweka miguu ambazo mtoto wa baleti huanza nazo hadi leo. Mwaka 1700 Raoul-Auger Feuillet alichapisha kitabu cha kuandika dansi kwa alama, kama mwanamuziki anavyoandika noti. Mwaka 1713 ikaanzishwa shule ya dansi ya Opera ya Paris. Kile chuo cha kwanza kilikuja kufa. Mapinduzi ya mwaka 1789 yakauangusha ufalme. Shule haikuanguka, leo iko Nanterre, karibu na Paris, na bado inapokea watoto.

Viwango vyake ni vikali. Mchezaji wa Opera ya Paris anaanzia cheo cha chini na kupanda ngazi kwa ngazi hadi kuitwa nyota, na kwa miaka mingi kupanda huko, isipokuwa kufikia unyota wenyewe, kumepitia mtihani mbele ya jopo. Akifikisha miaka 42 anastaafu. Hata nyota huhudhuria darasa la asubuhi na kuanza kwa kukunja magoti, hatua iitwayo pliye, ileile aliyofundishwa utotoni.

Hata hivyo Wafaransa nao walipoteza. Giselle, mchezo uliozaliwa Paris mwaka 1841, uliondolewa kwenye ratiba ya Opera hiyo mwaka 1868. Wachezaji wakazeeka, hatua zikasahaulika. Lakini Marius Petipa, Mfaransa mzaliwa wa Marseille, alikuwa akifanya kazi Urusi na kuuendeleza mchezo huo huko, na Warusi wakaziandika hatua kwa alama. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, Nicholas Sergeyev alitoka Urusi akiwa na maandishi hayo, na mwaka 1924 aliirudisha Giselle katika Opera ya Paris. Mchezo ulirudi kwao kwa sababu mtu aliuandika.

Kwa sababu hiyohiyo kijana wa Nairobi, Joel Kioko, aliweza kujifunza baleti mjini kwao kisha akaenda kusoma London. Hatua ina jina lilelile Nairobi, London na Paris.

4. Tatizo letu: hatua zisizo na majina

Naomba mnivumilie hapa, kwa kuwa hili ndilo lililonileta.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kwanza bungeni akiwa Rais, alisikitika kwamba wasomi wetu wanajua dansi za kigeni lakini hawazijui ngoma za kwao, akaunda wizara ya utamaduni. Mwaka 1963 sheria ikafuta utawala wa machifu, abakama wakiwemo. Mwaka huohuo kikaanzishwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Sihukumu uamuzi wowote kati ya hayo. Kila mmoja ulikuwa na sababu zake. Nataka tu tuone ilivyokuwa: ngoma za asili zilipewa jukwaa la taifa wakati uleule omutoro ulipopoteza ikulu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), kilikuja mwaka 1981. Kinafanya kazi kubwa, lakini kina ngoma za nchi nzima za kufundisha. Huku kwenye himaya za zamani za Wahaya, Kiziba, Kianja na Ihangiro, hakuna aliyeambiwa rasmi: wewe sasa ndiye mlinzi wa namna sahihi ya kucheza.

Nitawaeleza nilichokiona mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, upande wa Kamachumu, nilikaa uwanjani na mzee mmoja aliyecheza omutoro ujanani. Tulikuwa na vijana 8 na ngoma 3. Vijana wakaanza, njuga zikalia, wakaruka juu kwelikweli, nami nikaridhika. Mzee akanyanyua fimbo. Ngoma zikanyamaza, akawaambia waanze upya. Wakaanza, akawasimamisha tena. Mara ya nne aliinuka mwenyewe, akavua viatu, akasimama kwenye udongo na kuwaashiria wapigaji. Nilitazama miguu yake. Kisigino kilitua kabla ya ngoma kubwa, kitambo kidogo kuliko kufumba na kufumbua. Kisigino kiliita, ngoma ikaitika. Vijana walikuwa wakiifuata ngoma. Mzee alikuwa akiiongoza. Mchezo mzima ukawa mwingine.

Nikamwuliza, "Mzee, hatua hiyo inaitwaje?"

Alitafuna kahawa yake, akatema ganda, akasema, "Haina jina. Sisi tulikuwa tunatazamwa. Ukikosea, unaambiwa."

Mwaka uliofuata alifariki. Siku ile sikuwa na kamera. Katika daftari langu kuna maneno mawili: "kisigino kabla". Kilichobaki kwangu kutoka kwa mzee yule ni hicho tu.

Tafadhali lipimeni jibu lake. Omutoro ulikuwa na kiwango. Kilikuwa machoni mwa watu waliokaa ikulu wakitazama, wanaojua kosa na wenye idhini ya kulisema. Macho hayo yalipotawanyika, kiwango nacho kikatawanyika. Leo ngoma inatazamwa na wageni ambao hawawezi kujua imekosewa, nasi tunaojua tumekaa kimya kwa adabu.

Ratiba zetu zinaongeza tatizo. Niliwahi kupeleka kikundi kwenye shughuli moja tuliyoifanyia mazoezi wiki 6. Tulipofika tukaambiwa dakika 3, kisha wakati wachezaji wamesimama tayari, zikawa 2. Kiongozi wa kikundi akaniuliza akate nini. Akakata mwanzo, ile sehemu ya taratibu ambayo mchezaji hujitambulisha kwa ngoma, akabakiza kuruka. Mwaka uliofuata vijana wapya walifundishwa kuruka tu, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinatakiwa. Nimeshuhudia pia karatasi za majaji kwenye mashindano: sare ina alama, bashasha ina alama, kutunza muda kuna alama. Usahihi wa hatua hauna mstari. Jaji hana kosa. Hajapewa cha kupimia.

Sisemi ngoma isibadilike. Saida Karoli, binti wa Bukoba, aliimba Kihaya katika "Maria Salome" mwaka 2001 na Afrika Mashariki yote ikacheza, hata wasiojua neno moja. Ubunifu huo ni fahari yetu. Opera ya Paris nayo huonyesha kazi mpya kila msimu, lakini wachezaji wake asubuhi wamepita kwenye darasa la msingi. Mbunifu anahitaji msingi wa kuanzia. Natambua pia ufinyu wa bajeti na majukumu mengi ya halmashauri zetu. Hata hivyo, kuipa hatua jina hakuhitaji bajeti.

5. Majirani zetu

Mfano hauko Paris tu. Wasoga wa Uganda, ambao ufalme wao ulifutwa mwaka 1967, walibaki na wazee wachache wanaojua Bigwala, muziki na ngoma ya baragumu za vibuyu. Mwaka 2012 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Burundi iliorodhesha ngoma za kifalme mwaka 2014, na Rwanda iliorodhesha ngoma ya Intore mwaka 2024. Nchi zote hizo zilipoteza wafalme katika miaka ya 1960. Makondere, baragumu zetu za Kihaya, ni ndugu wa baragumu za Bigwala. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi sauti za Wahaya mwaka 1950, na hazina yake imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Profesa Mugyabuso Mulokozi ametufanyia kazi kubwa kwenye tenzi za nanga, ala yetu ya nyuzi. Miguu bado haijapata mwandishi.

6. Mapendekezo

(1) Kila kikundi kiandike hatua zake zote na kuzipa majina ya Kihaya, wazee wakiwa wasimamizi.

(2) Kila hatua irekodiwe kwa video mara 3: mbele, ubavuni, na miguu peke yake. Simu inatosha.

(3) Mpigaji arekodiwe pamoja na mchezaji, kwa kuwa hatua bila ngoma yake haieleweki.

(4) Tofauti za Kiziba, Kianja, Ihangiro na kwingineko ziandikwe kama zilivyo. Tusilazimishe omutoro mmoja wa mkoa.

(5) Liundwe jopo la wazee na walimu la Bukoba na Muleba lenye idhini ya kusema "hapa mmekosea".

(6) Wanawake wanaojua nyimbo na michezo wawemo kwenye jopo hilo tangu siku ya kwanza.

(7) Karatasi za majaji wa mashindano ya shule ziongezwe mstari wa usahihi wa hatua.

(8) Waandaaji wa shughuli wapange muda mapema na wasiupunguze wachezaji wakiwa uwanjani. Muda ukiwa mfupi, ichezwe sehemu moja nzima badala ya kukata mwanzo wa ngoma.

(9) Mazoezi ya shule yaanze na darasa la msingi: kusimama, kusikiliza ngoma kubwa, kutua.

(10) Mzee anayefundisha alipwe kama mwezeshaji yeyote. Soda na nauli si malipo ya ujuzi wa miaka 60.

(11) Maafisa utamaduni waombe nakala za rekodi za mwaka 1950 zinazohusu Buhaya.

(12) TaSUBa iombwe kupokea mwalimu kutoka Kagera, na mwanafunzi wetu anayesoma huko arudi kufundisha.

(13) Wabunifu wa muziki wa kisasa waalikwe kwenye mazoezi, wauone msingi.

(14) Yote hayo yakishindikana kwa mwaka huu, litekelezwe pendekezo la kwanza. Narudia: majina ya hatua kwanza.

7. Hitimisho

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tumezoea kuelewa kwamba hupewa tuzo, akabandikwa noti kwenye paji la uso. Neno hilohilo lina maana ya kuhifadhiwa. Tuzo tumetoa sana, kuhifadhi bado.

Kesho asubuhi tuna kipindi cha vitendo. Naomba kila kiongozi aje na hatua moja, na kila mzee aje tayari kumsimamisha. Mimi nitakuja na daftari langu. Yule mzee wa Kamachumu aliniachia hatua bila jina, na humu wamo wanaoweza kulitaja au kulitunga. Tuanze na kisigino hicho.